Siku Mtani Alipotutajirisha

Majina ya watu wote nitakaowasimulia hapa ninayo kichwani, pamoja na ya baba zao na ya mbwa wao, lakini sitayaandika. Kijijini kwetu ukimwandika mtu jina, kesho asubuhi yuko mlangoni anataka kujua umeandika nini kingine, na lazima umpe chai. Mimi niliishia darasa la nne na mkono wangu huenda polepole. Kila jina nisiloliandika ni nafuu kwangu na kwa sukari yangu.

Tunakaa upande wa ziwani, ukifika Usagara unaiacha lami na kushuka mpaka viatu vijae mchanga. Nyumbani tulikuwa watu watano: mimi, mzee wangu, na wajukuu watatu. Mama yao ni binti yetu, yuko Nyakato anafanya kibarua kiwandani. Siku kiwanda kikimhitaji anaingia, siku kisipomhitaji anasuka watu nywele barazani. Mjukuu wa kwanza ni msichana, alikuwa darasa la tatu, na habari hii yote ni ya koo lake.

Mtoto alikuwa anakoroma. Nikisema kukoroma msifikirie kule kwa kawaida kwa mtu aliyeshiba. Mzee wangu masikio yake yamechoka, mpaka umshike bega ndiyo ajue anaitwa, lakini mjukuu wake alimsikia akiwa chumba cha pili. Shemeji yangu mmoja aliwahi kulala kwetu akatoka nje na fimbo, akizunguka nyumba kumtafuta fisi. Shuleni mwalimu alimrudisha nyumbani kwa barua ya mdomo: mtoto analala darasani, na akilala wenzake hawasikii somo.

Tulicheka sana, kisha tukaacha kucheka. Kuna wakati ule mngurumo ulikatika katikati. Kifua kinapanda, kinashuka, hewa haiingii, mtoto amefumba macho na mdomo wazi kama samaki aliyetolewa majini. Halafu anashtuka, anavuta pumzi kwa nguvu, anaendelea. Nikawa nalala nimemwekea mkono kifuani. Ukikatika mngurumo namtikisa.

Mzee wangu alikuwa na jibu lake tangu zamani. "Ni kilimi hicho. Akatwe." Ng'ambo ya bonde kuna mtu anayekata vilimi kwa kisu kilichopinda kama mundu. Mzee wangu mwenyewe alikatwa na baba wa mtu huyo akiwa mtoto, na kwa kuwa bado anaishi, aliona huo ni ushahidi wa kutosha.

Nilimpeleka mtoto zahanati. Daktari akammulika kwa tochi, akaniita nichungulie. Nikaona vitu viwili vyekundu vimevimba huko ndani, vimekaribiana mpaka vinapeana mikono.

"Hayo ni mafindofindo, bibi," akasema. "Kilimi chake hakina kosa. Apelekwe hospitali kubwa mjini, atolewe kwa upasuaji. Na mkimpeleka kwa yule mzee wa kisu, msije kwangu na damu."

Upasuaji wa mjini si wa watu wa kuuza mchicha. Sisi wazee tunavyo vitambulisho vyetu vya kutibiwa bure, lakini changu kinayajua magoti yangu tu, mjukuu hakimjui. Mzee wangu akatoa uamuzi wake akiwa amekaa kwenye kigoda: tungoje mpaka shule zifungwe. Ikiwa mpaka hapo hatujapata njia ya hospitali, yeye anamshika mtoto mkono, anavuka bonde. Na mzee wangu akishasema jambo hubaki nalo, maana hasikii mtu akimpinga.

Ndipo ikaja habari ya kadi. Mwenyekiti wa kijiji alipita na kipaza sauti akieleza kwamba kaya zisizo na uwezo zitapewa bima ya matibabu bila kulipa. Akataja masharti. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja chini ya mkuu mmoja. Kadi moja inabeba watu sita, wakizidi ni kadi nyingine. Mjukuu anahesabiwa anapokula, hata kama mzazi wake yuko mbali. Na kaya isiwe na ng'ombe, wala nyumba ya kupangisha, wala chombo cha uvuvi, wala mtu wa mshahara wa mwezi.

Maswali yalimfuata mwenyekiti njia nzima. Bwana mmoja mwenye wake wawili alitaka kujua kama vyungu viwili ni kaya mbili, na yeye ataandikwa chungu kipi. Mwingine alisema mchana anakula kwa mama yake na usiku kwa mke wake, kwa hiyo akiugua mchana anatibiwa na nani. Mwenyekiti akazima kipaza sauti, akasema mengine tutayasikia kwenye mkutano.

Kwangu mimi masharti yale yalikuwa kama shati lililoshonwa kwa vipimo vyangu. Chungu kimoja, tena kina ufa. Watu watano. Ng'ombe hatuna tangu ukame ule uliomaliza zizi. Nyumba ni hii ninayoishi mimi na kuku wangu. Nikamwambia mtoto, "Utatolewa hayo mafindofindo na daktari wa koti jeupe."

"Watanipa niyaone?" akauliza.

"Utawaomba mwenyewe."

Mkutano ulifanyika shule ya msingi, ndani ya darasa, kwa sababu nje mvua ilikuwa inanyesha. Watu wazima tulijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika masikioni. Mwenyekiti wetu ni mtu mwenye mwili. Aliingia kwenye dawati lake mwenyewe, lakini kutoka ilibidi avutwe. Afisa aliyetumwa alikuwa binti mdogo, mgeni wa kutoka mikoa ya kusini, mwenye adabu kweli. Alipita dawati kwa dawati akitoa shikamoo mpaka sauti ikamkauka. Mkononi alikuwa na kishikwambi, na kazi yake ilikuwa kusoma jina la mkuu wa kaya, kisha kuuliza kama kuna mwenye taarifa tofauti. Watu wakinyamaza, kaya imepita.

Kaya zikawa zinapita. Jina, kimya, imepita. Likasomwa jina la mzee wangu. Kimya kikaanza vizuri tu, halafu nikasikia dawati la nyuma linalia, nikajua ni nani anasimama.

Hapa nieleze. Yule aliyesimama ni mtoto wa shangazi yangu. Kwetu mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani, na utani wetu hauna siku ya kupumzika. Mimi huniita mchumba tangu hatujaota meno, na sasa yanaisha bado ananiita mchumba. Siku ya harusi yangu alilala mlangoni akadai yeye ndiye bwana harusi, mpaka akapewa jogoo. Na utani una sheria zake. Mtani hakasirikiwi. Mtani hakanushwi. Akikurushia neno unamrudishia kubwa zaidi, na ukisema "si kweli" umeshindwa, utasimuliwa kwenye vilabu mpaka ufe, na siku ya mazishi yeye ndiye atakayesimulia.

"Mimi nina taarifa," akasema.

"Karibu, babu," akasema binti.

"Huyu mwanamke mnayemwona na kandambili za rangi mbili ni tajiri. Hizo kandambili ni za kuwapoteza watu wa kodi. Ana ng'ombe mpaka anawasahau."

Darasa likaanza kutikisika. Nami nikasimama, nitakaaje?

"Nawasahau wapi? Mchungaji wangu si wewe? Kama wamepungua, tazameni hilo tumbo."

"Ana nyumba ya kupangisha Nyegezi, karibu na stendi. Wanafunzi wa chuo wamejaa humo."

"Ni nyumba mbili. Ya pili ni ile niliyokufukuza kwa sababu huogi."

Watu walikuwa wanapiga madawati. Mwenyekiti, ambaye ndiye angemweleza mgeni mambo ya kwetu, alikuwa amelaza kichwa mezani, mabega yanaruka. Kwetu mtani akisema, watu huitikia ili apate nguvu. Kwa hiyo kila upande wakawa wanasema, "Kweli. Kweli kabisa. Tunazijua." Binti akatazama huku, akatazama kule, akaona kijiji kizima kinathibitisha. Akaandika.

Kisha akanigeukia kwa upole. "Bibi, haya anayosema babu ni kweli?"

Nikamtazama binamu. Alikuwa ameshika kiuno, anangoja nikanushe.

"Kweli tupu, mwanangu," nikasema. "Tena huyu hajui kila kitu. Nina na boti ya injini. Jumapili naenda nayo Ukerewe kunywa chai."

"Asante, bibi," akasema binti, akabonyeza kidude chake.

Nikakaa. Watu wakanipongeza. Mama mmoja wa dawati la mbele aligeuka akanipa mkono, akasema ile ya boti imemmaliza. Nilirudi nyumbani kwenye matope nikijiona nimeshinda vita.

Majina ya waliopita yalipobandikwa ofisi ya kijiji, ya kwetu hayakuwepo. Kijana wa ofisini akanisomea sababu: kaya ina mifugo, nyumba za kupangisha, na chombo cha uvuvi.

Niliporudi kumwambia mzee wangu, nilimpigia kelele sikioni sentensi moja baada ya nyingine. Ng'ombe hakuwashangaa sana, alidhani wanasema wale wa zamani. Nyumba za Nyegezi alizipungia mkono. Lakini nilipofika kwenye chombo cha uvuvi, akanyanyuka.

"Boti?" akasema. "Umenunua boti na hukuniambia?"

"Sikununua boti."

"Serikali imeandika."

"Nilisema kwa utani."

"Iko wapi sasa?"

Nikaacha. Jioni ile alichukua fimbo akashuka ufukweni, na kesho yake tena. Alitembea kwenye mitumbwi ya watu akiipapasa, akiuliza ipi ni ya mke wake. Wavuvi, kwa kuwa ni watu wasio na huruma, walimwonyesha moja nzuri ya bluu. Akaja kunisifia rangi yake.

Lakini usiku mngurumo wa mtoto ulikatika tena, ukachelewa kurudi kuliko siku zote. Nilimtikisa mpaka akalia. Mzee aliusikia ule ukimya, ajabu, kelele hasikii lakini ukimya aliusikia. Akaja na koroboi, akasimama mlangoni. Hakusema habari ya boti. Akasema, "Shule zinafungwa karibuni."

Asubuhi nilipanda kwenda ofisi ya kata kumtafuta yule binti. Nilimkuta, akanipa kiti, akanipa shikamoo, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini bibi, ulikubali mwenyewe mbele ya mkutano."

"Yule ni mtani wangu."

"Hata kwetu watani tunao," akasema, "ila wa kwetu tunawaona zaidi msibani. Sikujua wa huku wanakuja hata kwenye mikutano ya bima." Akashika kichwa. "Na mfumo huu hauna mahali pa kuandika kwamba watu walikuwa wanataniana."

Akanieleza njia iliyobaki. Rufaa ipo. Yeye mwenyewe atakuja nyumbani aone, na aliyetoa taarifa aje aiondoe kwa kinywa chake, mbele ya mwenyekiti. "Lakini aseme bila mzaha, bibi. Nikisikia kicheko hata kimoja, siwezi kuandika."

Nikaenda kwa binamu. Nilimkuta anatengeneza wavu, nikamweleza yote, mpaka ile habari ya kisu cha ng'ambo ya bonde.

"Sasa mchumba, mimi niseme nini?"

"Sema kwamba mimi ni maskini."

"Hivyo tu? Kavu kavu?"

"Kavu kavu."

"Watu watasema tumegombana," akasema. Na alikuwa amesikitika kabisa. Tangu anijue hajawahi kusema neno la kweli juu yangu mbele za watu, na mimi juu yake hivyo hivyo. Alianza kufanya mazoezi pale pale. "Huyu bibi hana kitu," akasema, akangoja kidogo, akashindwa kujizuia, "hata akili." Akajipiga kofi mdomoni. Akaanza tena. Nilimwacha akiendelea na wavu na mazoezi.

Siku ya mgeni ilipokaribia, mimi nilitaka nyumba ibaki kama ilivyo. Nilisema. Niliwaambia wanawake wenzangu waziwazi, jamani, huyu anakuja kuona umaskini. Wakanitazama kama niliyetaka kumpokea mgeni uchi. Mzee wangu naye akasema mgeni wa serikali hawezi kukalia kigoda mbele yake, labda yeye awe amekufa. Basi asubuhi ile nilipotoka kuchota maji na kurudi, nilikuta sebule siijui. Jirani wa juu ameleta makochi mawili na vitambaa vyake vya kufuma. Mke wa mwenyekiti ameleta chupa ya chai na vikombe vya maua. Kuna zulia. Kuna saa ya ukutani imetundikwa kwenye msumari wa ungo wangu. Na uani amefungwa ng'ombe na ndama wake, wa jirani wa chini, kwa sababu alisema maziwa ya kwenye kopo yanapoa njiani, afadhali aje mwenyewe akamuliwe hapa, chai ya mgeni iwe na maziwa ya moto.

"Mrudishe," nikamwambia.

"Akishamaliza chai," akasema.

Binti alifika na mwenyekiti. Alisimama uani akamtazama ng'ombe. Ng'ombe akamtazama. Akaingia ndani, akakaa kwenye kochi, akazama kidogo, akatazama saa, akatazama zulia. Akauliza sakafu chini ya zulia ni ya nini. Nikasema ni udongo, nimeisiriba kwa mavi ya ng'ombe. Akauliza mavi yanatoka wapi. Kabla sijajibu, yule wa nje akalia.

"Bibi," akasema binti kwa sauti ya chini, "nisaidie nikusaidie."

Binamu alikuwa amesimama mlangoni amevaa koti la kanisani. Akaingia, akakaa kigodani, akakohoa. "Nimekuja kusema ukweli," akasema, na mwenyekiti akaziba mdomo kwa kiganja maana kule kusema tu kulimchekesha. "Hili kochi si lake. Saa si yake. Ng'ombe huyu ni wa jirani na ana adabu kuliko mwenye nyumba."

"Babu," akasema binti.

"Nisamehe. Ulimi una mazoea."

Ndipo nyuma ya pazia ukaanza mngurumo. Mjukuu alikuwa hakulala vizuri usiku, amejilaza mchana. Kikombe cha maua kikatetemeka kwenye sahani yake. Binti akanyanyua kichwa. Nikamwona kidole kinaenda kwenye kishikwambi.

"Mashine ya kusaga pia mnayo?"

Mwenyekiti akainama. Na binamu, mtu yule, nafasi kama ile ataiachaje? Akanyoosha mkono kuelekea pazia. "Hiyo ni ya dizeli," akasema, "inasaga usiku na mcha—"

Mngurumo ukakatika.

Wengine waliganda walipokaa. Mimi nilishanyanyuka. Binamu alikuwa bado amenyoosha mkono, mdomo wazi, neno limebaki nusu. Hakuna aliyepumua mle ndani, na nyuma ya pazia pia. Nilifika, nikamshika mtoto mabega, nikamtikisa. Akavuta pumzi kwa sauti ile mbaya, kama mlango unaoburutwa, akafungua macho, akaniuliza kama mgeni ameshakunywa chai.

Niliporudi nimemshika mkono, binamu alikuwa amesimama na amevua kofia.

"Andika," akamwambia binti. Sauti haikuwa yake. "Huyu hana ng'ombe. Wa kwao walikufa kwa ukame, mimi nilisaidia kuwaburuta. Nyumba ni hii, ikinyesha huwa anahamisha kitanda. Mwaka jana kabla ya mavuno nilipita hapa jioni nikitaka kumtania. Nikamkuta anawagawia watoto mlenda na ugali kidogo. Yeye akasema ameshakula. Nilitazama sufuria. Alikuwa hajala. Alikwangua ukoko, akausukuma kwa maji. Nilirudi nyumbani sikumtania. Ndiyo hayo."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alitazama zulia la mke wake. Binti aliandika akiwa ameinamisha kichwa, akakosea, akafuta, akaandika tena.

Mimi niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Mtu yule amenitukana miaka na miaka, amenisema mbele ya wakwe, amesema maiti ya mama yangu inanidai chumvi, na hajawahi kuniumiza hata kidogo. Siku aliyonisema vizuri nilitamani kumpiga na kigoda.

Kadi ilipita. Shule zikafungwa, na mzee wangu akamshika mtoto mkono kama alivyoahidi, lakini walipanda kwenda lami kupanda gari la mjini, na mimi nyuma na mkoba. Hospitalini mzee alimwambia kila mtu mwenye koti jeupe kwamba yeye alikatwa kilimi na hakuleta matatizo. Mtoto aliingia ndani amevaa gauni la kijani linalofungwa nyuma. Mimi na mzee tukakaa kwenye benchi, yeye ameshika kadi kwa mikono miwili kama anayeogopa upepo.

Jambo moja lilinisumbua katika siku zile. Tangu ile siku ya rufaa, binamu alikuwa ananipa heshima. Tukikutana njiani anavua kofia, anauliza, "Habari za nyumbani, dada? Mtoto anaendeleaje?" Mimi namjibu salama, kaka, asante. Kisha tunasimama kama watu wawili wanaongoja gari tofauti. Nilijaribu kumrushia neno, nikamwambia koti lake la kanisani lilizikwa na mtu likafukuliwa. Akasema, "Ni kweli, limechakaa." Nilikosa usingizi kwa hilo jibu.

Alikuja hospitali siku ya pili, saa za kuona wagonjwa. Mtoto alikuwa ameshaamka, shingo imevimba kidogo, hasemi, anapumua kwa pua kimya kama paka. Binamu alimletea sato wa kukaanga, mzima, kwenye kikapu kilichofunikwa vizuri. Muuguzi akasema mgonjwa haruhusiwi, ni uji wa baridi na barafu tu. Binamu akasimama na kikapu chake hajui akiweke wapi. Kukirudisha Usagara kwenye joto lile, samaki ataharibika. Nikamwambia basi kaka, kula mwenyewe, karibu.

Akakaa ukingoni mwa kitanda akaanza kula kwa adabu, kidogo kidogo, anatoa mifupa kwa vidole viwili kama mgeni kwenye harusi ya wakubwa. Mtoto alimtazama. Alifuata kila tonge kutoka kikapuni mpaka mdomoni. Machozi yakaanza kumlenga. Nikataka kumwambia binamu ageuke, lakini mtoto akaninyooshea mkono ninyamaze. Akameza mate, na ilivyomuuma nilimwona usoni. Kisha akatoa sauti, nyembamba, mpya, hatujawahi kuisikia nyumbani kwetu.

"Babu," akasema, "unakula polepole ili nife kwanza, urithi kitanda?"

Wodi nzima ilisikia. Binamu akaacha kutafuna. Akaniangalia mimi, akamwangalia mtoto, akaweka mkia wa samaki chini taratibu.

"Hiki kitanda?" akasema. "Kinachonuka hivi? Kwanza walichokutoa humo ndani si mafindofindo, wametoa redio. Nimeiona kwa daktari, inaimba."

"Walikutafuta wewe wakutoe akili," akasema mtoto, "wakakosa pa kushika."

Mimi nikaongeza kwamba walipata kidogo lakini ilikuwa imeoza. Binamu akasema huyo ndiye mchumba wake, sura kama ya aliyemeza kikapu. Mzee wangu, ambaye hakusikia chochote, alikuwa anacheka kwa sababu sisi tunacheka, na mama wa kitanda cha pili alikuwa ameshika mshono wake akituomba tunyamaze. Muuguzi akaja kwa hatua kubwa akasimama katikati ya wodi, mikono kiunoni, akauliza ni nani huyu anayewapigia wagonjwa kelele.

Mgonjwa wetu akamnyooshea kidole babu yake, yule asiyesikia.